Mlango wa Buluu wa Kilosa

"Bahari? Bahari mimi naijua nje ndani," Thadeo aliwaambia wazee wa Kilosa siku ya kikao. "Nimeioga, nimeipiga mbizi. Tumezoeana."

Ukweli ni kwamba Thadeo, pamoja na cheti chake cha kidato cha nne na kalamu mbili mfukoni, hakuwahi kuvuka Morogoro mjini. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni mto Mkondoa wakati wa masika, tena aliyatazama akiwa juu ya paa la jirani. Lakini kikao kilikuwa kinatafuta mtu anayeijua bahari, na Thadeo hakuwa mtu wa kuona kiti kitupu akakiacha.

Shida ilikuwa vitunguu. Kule Lumuma shamba la ujamaa lilikuwa limezaa mpaka ghala limetapika, na lori la kuvibeba halikuwepo. Magunia mia mbili yalikuwa yameanza kutoa maji. Mwenyekiti wa shamba, Generoza, shangazi yake Thadeo, alikuwa hapati usingizi. Ndipo zikafika habari kwamba miji ya pwani, kuanzia Lindi na Kilwa mpaka Tanga na Mombasa, imeungana. Mwenye daktari wa meno anamwazima asiye naye, na malori ya umoja yanazunguka kupeleka chumvi na samaki wakavu na kurudi na mazao. Mji ukishakuwa mwanachama, lori linafika. Sharti ni moja tu: mji uwe wa bahari.

"Hapo pagumu wapi?" alisema Thadeo. "Niachieni mimi."

Bahati iliyoje, mwaka ule wa 1968 wajumbe wa pwani walikuwa wamechoka kukutana ufukweni, wakataka kuona tembo. Mkutano ukawekwa Mikumi, katika darasa la shule ya msingi. Kilosa ikatuma watu watatu: Thadeo, shangazi yake, na mzee Sempele, mfugaji, ambaye alitaka tu kusikia habari za hayo maji makubwa.

Baada ya shikamoo na marahaba kuzunguka darasa zima, mwenyekiti wa umoja, mzee mmoja wa Tanga mwenye kofia ya kiua, alimgeukia Thadeo.

"Tumeambiwa wewe ni mwenzetu wa baharini. Hebu tueleze, kijana, maji yakipwa huwa mnafanyaje?"

Maji kupungua si jambo geni kwa mtu wa Mkondoa. Thadeo akakohoa kidogo, kama mtaalamu.

"Tunasubiri masika, mzee. Kiangazi bahari inabaki vidimbwi vidimbwi. Watu wanalima mchicha ukingoni."

Mjumbe wa Lindi akavua miwani.

"Kwa hiyo kiangazi mtu anakwenda Unguja kwa miguu?" mwenyekiti akauliza taratibu.

"Mwaka wa ukame hata baiskeli inafika."

Mzee Sempele, aliyekuwa anaamini kila neno, akainama mbele. "Na ng'ombe, mwanangu? Wanayanywa?"

"Wanakunywa mpaka wanasaza, mzee wangu!"

Hapo darasa likapasuka. Mtu mzima mmoja wa Kilwa alianguka kutoka kwenye dawati la darasa la kwanza. Thadeo naye akacheka, kwa sauti kuliko wote, kana kwamba ulikuwa mzaha wake tangu mwanzo. Lakini masikio yake yalikuwa yanawaka moto.

"Ndugu zetu wa Kilosa tunawapenda," mwenyekiti akasema akijifuta machozi, "ila umoja huu ni wa bahari. Tuendelee na ajenda inayofuata."

"Bado sijasema," alisema Generoza, akasimama. Thadeo akatazama vidole vya miguu yake.

"Mwenyekiti, huyu ni mtoto wa kaka yangu, na bahari hajaiona. Mimi pia sijaiona. Lakini bahari inatujua sisi. Kila masika Mkondoa unaingia nyumbani kwetu bila hodi, unazoa tulicho nacho, unakitia mto Wami, na Wami unawaletea ninyi. Mwaka juzi ulinichukulia kinu, mizinga mitatu ya nyuki na mlango wa choo. Wa buluu. Tangu uhuru tunawaletea vitu, hata asante hatujapata!"

Nyuma ya darasa mwanamke mmoja akainuka. Alikuwa Mwanasha, mjumbe wa Bagamoyo, mzaliwa wa kule Wami unakoingia baharini.

"Mlango wa buluu? Una komeo la waya?"

"Ndio huo huo."

"Kumbe ni wewe! Mlango wako ulichana nyavu za mume wangu vipande vipande! Wiki nzima hatukuvua!"

"Na mimi wiki nzima choo kilikuwa wazi, dada. Sasa nani aliteseka?"

Mwanasha akaangua kicheko. "Mwenyekiti, waandike hawa. Kama lazima watuletee vitu, walete kwa lori. Vitunguu havichani nyavu. Na mto ukianza kujaa, watupigie simu tutoe nyavu mapema."

Mikono ikanyooshwa yote. Kilosa ikaandikwa.

Wiki iliyofuata Thadeo alikuwa njiapanda ya Dumila, akilingoja lori, chai mkononi, wauza mahindi wamemzunguka.

"Nikasimama," alikuwa akisema, "nikawaambia, bahari inatujua sisi! Kimya! Nikawatajia Mkondoa, nikawatajia Wami. Shangazi pale pembeni analia tu, nikamwambia, tulia, shangazi, mimi nipo."

"Alaa!" wakasema wauza mahindi.

Hakuona kwamba lori lilikuwa limeshasimama nyuma yake. Juu ya magunia ya chumvi alikaa Mwanasha, ameegemea mlango wa buluu wenye komeo la waya na kinyesi cha kuku.

"Ndugu Thadeo," akaita, "njoo upokee mlango wa shangazi yako, tulikuwa tumeufanya mlango wa banda la kuku. Ila usiwakatishe uhondo hawa. Wamalizie kwanza: Unguja kwa baiskeli ni mwendo wa saa ngapi?"