Jina la Ukingoni

"Mfalme wako hana pua, bibi," alisema fundi saa, akiigeuza nishani chini ya taa.

"Si wangu. Na pua nimeimaliza mwenyewe, kwa mchanga."

Fundi alicheka. Mjane hakucheka. Nishani ile aliletewa na karani wa serikali ya kikoloni badala ya mumewe, aliyebaki hukohuko vitani, kwenye vita vya watu wengine. Kaburi hakuonyeshwa. Alikabidhiwa kipande cha fedha chenye uso wa mfalme, na ukingoni, kwa herufi ndogo, jina la marehemu. Kila hasira zilipompanda, alichota mchanga uani akamsugua mfalme yule mpaka roho yake itulie.

"Mfalme achana naye," alisema. "Nisomee hapo ukingoni. Mimi kusoma sijui."

Hilo tu ndilo alilolijia. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Ndivyo alivyolelewa, na heshima ile hakuiacha hata alipobaki peke yake. Lakini kulisikia kulimpa raha isiyo kifani. Wifi yake kila alipomtembelea aliishika nishani, akaizungusha taratibu, akamsomea. Wifi naye walimzika masika haya. Sasa nyumba ilikuwa kimya, hata alijikuta akizigombeza sufuria.

Fundi alibana lenzi jichoni. Akaizungusha nishani, akasita, akaizungusha tena.

"Bibi, hapa hamna kitu."

"Angalia vizuri, mwanangu. Wifi yangu kanisomea juzijuzi tu, kabla hajaugua."

"Pamelainika kabisa. Mchanga umekula herufi zote, tena zamani sana."

Mjane alitafuta stuli, akakaa. Kumbe miaka yote ile wifi alikuwa akizungusha fedha tupu, jina akilitoa moyoni mwake. Na yeye, kwa kumkomoa mfalme, alikuwa amemfuta mumewe kwa mikono yake mwenyewe. Uchungu ulimrudia, uleule wa siku ya karani.

Fundi alimwonea huruma. Angelijua jina lenyewe angejifanya analisoma, lakini hakulijua.

"Niambie aliitwaje, nilichonge upya," alisema. "Au kuna mwingine anayelijua?"

"Hakuna. Wote wamekwisha."

"Basi umebaki wewe, bibi."

Alijifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Mwishowe akalisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Fundi alikuwa ameshainama, kijipatasi chake mkononi, na redio ya duka la jirani ilikuwa juu.

"Sijasikia, bibi. Rudia."

Akaushusha mtandio. Akalisema tena, kwa nguvu, kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na macho yake, bila yeye kutaka, yakageukia mlangoni.