Kiti cha Kuhesabia Mwewe

Siku ile bwege alikuwa kinyozi. Heri tuliseme mapema, maana hata yeye amekwisha kulikubali, ingawa ilibidi kwanza anuniwe na mkewe wiki nzima.

Kila mwaka upepo ukigeuka, mwewe wahamaji hupita juu ya mlima ulio nyuma ya mji, wakifuata joto. Na kila mwaka watu wachache wasio na la kufanya, au wenye la kufanya ila wamelikimbia, hupanda kileleni kuwahesabu. Hawalipwi hata kikombe cha chai. Kila mmoja hupewa kihesabio, kile kidude cha chuma cha mkononi ambacho ukikibonyeza kwa gumba kinalia tik. Mwewe akiuvuka mnara wa simu akaenda zake, tik. Akigeuka akarudi, hahesabiwi. Sheria yenyewe ndiyo hiyo, haina kurasa.

Mkuu wa kilele alikuwa mkunga mstaafu, mama mwenye ulimi wa wembe, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa. Magoti yake yalikuwa yamegoma kupanda mlima, akatangaza kwamba jioni ile angemwachia mhesabuji bora wa siku kiti chake: kiti cha turubai chenye mwavuli, pamoja na haki ya kusema neno la mwisho hesabu zikigongana. Kinyozi alikitaka kiti kile kama mgonjwa anavyotaka maji. Tena alikuwa amekwisha kumlipa mchoraji. Juu ya mlango wa kinyozi palikuwa na maandishi mekundu, rangi haijakauka vizuri: MKUU WA MWEWE ANANYOA HAPA.

Aliyemtia wasiwasi ni mmoja tu, shemeji yake, mdogo wa mkewe. Huyu alikuwa karani wa posta, mtu wa kutafuna karanga na kusema kwa kupimia.

Wakakaa juu ya jiwe moja, kinyozi na kofia mpya, darubini ikimning'inia kifuani kama nishani.

Tik.

"Shemeji, huyo wa nini?"

"Wa nini vipi? Si ameupita mnara?"

"Mbona amegeuka? Huyo naona ni wa hapahapa."

"Wewe tafuna karanga zako. Watu wako kazini."

Tik. Tik. Gumba la kinyozi lilishika moto. Karani naye alibonyeza mara mojamoja, kwa uchoyo, kama anayegonga muhuri barua za watu asiowapenda.

Sasa, kinyozi ana jicho, hilo hatumnyimi. Akikiona kichwa ng'ambo ya barabara atakwambia kimenyolewa na nani, na kwa mashine butu kiasi gani. Jua lilipopanda, jicho hilo likanasa jambo. Mwewe aliyekuwa juu yake alikuwa na pengo kwenye bawa la kushoto, unyoya mmoja haupo, kama kichwa kilichokatikiwa na umeme katikati ya kunyolewa. Tik. Akaja mwingine, naye ana pengo. Bawa lilelile! Akaja wa tatu, pengo. Mtu mwenye akili kidogo tu angeingiwa na shaka. Kinyozi, ambaye zake zilikuwa nyingi, alimpigia simu mkewe.

"Mama watoto, tumegundua aina mpya! Mwewe pengo!"

"Mwewe gani?"

"Pengo! Wote hawana unyoya mmoja bawa la kushoto. Kundi zima!"

"Wanapita kwa pamoja?"

"Hapana, mmojammoja. Kwa adabu kabisa."

Simu ikakatwa.

Jioni Bi Mkubwa akawakusanya wahesabuji wote. "Haya, karani."

"Kumi na tisa."

"Kinyozi?"

Kinyozi akavua kofia kwanza. "Mia mbili na ushee, Bi Mkubwa."

Watu wakaguna. Kabla hawajamaliza kuguna, akawafungulia habari ya mwewe pengo, mikono ikipepea, na kuwaonyesha begani mwake hasa unyoya unakokosekana.

"Wote wana pengo?" Bi Mkubwa akauliza taratibu.

"Kuanzia mchana, wote!"

Jamaa mmoja akapaliwa na chai yake. Na hapo hapo, kutoka upande wa machinjio, akaja mwewe, utumbo unaning'inia kuchani. Akauzunguka mnara, akatua juu yake, akakunjua bawa la kushoto ajichokoe. Pengo lile, jua linapenya.

Karani akasimama, akampungia mkono. "Karibu, bwana. Pole na safari. Leo umetembea!"

Kilele kizima kikaangua kicheko. Kinyozi alijaribu kucheka nao, uso ukakataa.

"Ana kiota mnarani pale," karani akasema. "Anakwenda machinjio na kurudi."

"Na ulijua, ukanyamaza?"

"Nilikwambia ni wa hapahapa. Ukaniambia nitafune karanga."

Kinyozi akayakumbuka maandishi mekundu. Akamgeukia Bi Mkubwa.

"Mama, haki itendeke. Mnara ameupita au hajaupita? Kila alipoupita nilimwona kwa macho haya mawili. Sikusinzia, sikula, hata haja sikuenda. Jasho lote hilo halistahili hata mguu mmoja wa kiti?"

Bi Mkubwa aliukunja mwavuli, akamkabidhi karani bila hata kumtazama, kisha akamtazama kinyozi, sana.

"Mwanangu, nusu ya mji huu nimeizalisha mimi, na wewe umo. Siku ile ulilia kutwa kucha, hukumpumzisha mtu. Nilikuhesabu mmoja."