Marehemu Yupo Nyumbani

Zelinda Malaguti alikuwa ameinamia sufuria ya shaba, akisonga ugali wa njano wa Jumapili, mlango uliposukumwa na mumewe Ermete akaingia. Maji yalikuwa yakimtiririka mwili mzima. Alinuka bwawa la kulowekea katani, harufu ambayo kila mtu wa Codalunga huzaliwa nayo puani, na shingoni bado alikuwa na kipande cha kamba. Alivua viatu kizingitini, kama alivyozoeshwa na mkewe, akaketi mahali pake upande wa ukutani.

Zelinda aliupindua ugali juu ya ubao, akaukata kwa uzi, akamwekea kipande pamoja na nusu ya samaki wa chumvi.

"Umechelewa," alisema.

"Jiwe lilikuwa zito," Ermete alijibu, akaanza kula.

Binti yao Dafne alimsogezea baba yake divai, kisha akaenda kutafuta tambara la kupangusia sakafu.

Kwamba Ermete amekufa, walijua tangu Alhamisi. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha vibarua, na mwaka uliotangulia ndiye aliyemkalia kooni mwenye shamba kubwa mpaka akatia sahihi mkataba wa ujira. Siku hiyo watu walicheza dansi barabarani hadi soli zikawaishia. Kisha wakaja vijana wa mashati meusi, wafuasi wa yule waliyemwita Kiongozi. Waliichoma moto nyumba ya chama, wakamkamata Ermete mbele ya kanisa na kumnywesha chupa nzima ya mafuta ya mbarika, yale ya kuharisha. Alilala kitandani siku kadhaa, akainuka, akaitisha mkutano ndani ya zizi la ng'ombe. Ndipo walipokuja na lori. Aliyewaongoza ni Nando Bergonzi, mtoto wa nyapara wa shamba, ambaye kijiji kizima kilimjua tangu akitembea na kamasi puani. Walimpiga Ermete kwa marungu pale pale uani, mkewe na bintiye wakiwa wameshikwa mikono, mpaka alipoacha kujikinga. Wakamtupa nyuma ya lori. Ersilia, jirani yao aliyekuwa amekawia kufua kwenye bwawa, aliwaona wakimfunga jiwe la kusagia na kumtosa majini. Alikuja kumweleza Zelinda kwa sauti ya chini, na kesho yake akahamia Milano kwa dada yake, yeye na kuku wake wote.

Zelinda alikuwa amepanga kwenda kituo cha polisi Jumatatu. Kurudi kwa Ermete kulionekana kurahisisha mambo. Jirani walikuja alasiri ile ile, wakaketi, wakauliza kama maji ya bwawani yalikuwa ya baridi. Ermete akasema ni baridi juu tu, chini kuna uvuguvugu. Oreste fundi viatu akawaambia kesi wameshashinda, kwani shahidi gani atamzidi marehemu mwenyewe? Hata wale ambao tangu Alhamisi walikuwa wakivuka barabara kumkwepa Zelinda walimpa mkono wakati wa kuondoka.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa kusini, wa Avellino, aliyekuwa akingoja uhamisho kwa muda mrefu hata akawa hafungui tena sanduku lake la nguo. Alimkaribisha Ermete kwenye kiti, akachovya kalamu.

"Nani kauawa?"

"Mimi, afande."

"Na nani?"

Ermete alimtaja Nando na wenzake, akaeleza nani alishika rungu na nani alifunga kamba. Alisema bila hasira, kwa sauti ile ile aliyokuwa akifungulia mikutano. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akaiweka kalamu, akatuma aitwe daktari.

Daktari Guidetti alikuwa mtu mwaminifu. Aliweka sikio kwenye kifua cha Ermete, akalihamisha, akasikiliza tena. Akasema moyo haupigi, mapafu yamejaa maji ya bwawa, na fuvu limepasuka kisogoni. Kwa maoni yake mtu huyu ni maiti tangu wiki iliyopita, na yuko tayari kuapa hivyo popote atakapoitwa.

"Lakini anaongea," alisema mkuu.

"Anaongea," daktari alikubali.

Mkuu aliinuka akaenda dirishani, akarudi.

"Mama," alimwambia Zelinda, "kosa la kuua linataka mtu ambaye hayupo. Wako yupo. Amekaa kwenye kiti changu, ananilowanishia sakafu."

Dafne akauliza, je, kupigwa? Majeraha si hayo hapo yanaonekana? Mkuu alilifikiria jambo hilo kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. Akasema anayeweza kulalamika kwamba amepigwa ni mtu aliye hai, na daktari ameshasema huyu si hai. Kwa hiyo kama ni hai hakuuawa, na kama ni maiti hakuna wa kulalamika. Alionekana kuumia kidogo alipofika mwisho wa maelezo yake. Kisha akainama karibu na sikio la Zelinda.

"Mimi nina watoto wadogo kule kwetu. Mrudishe nyumbani, mshukuru Mungu. Kuna ambao hawarudi."

Habari zilimfikia Nando kabla ya jua kuchwa. Tangu Alhamisi alikuwa hapati usingizi, na mama yake alikuwa amewaambia wanawake kisimani kwamba mwanawe chakula hakikai tumboni. Alikuja mwenyewe, bila wenzake, akasimama mlangoni. Ermete alikuwa akimenya maharage. Uso wa Nando ukanawiri.

"Kumbe upo, mzee."

"Nipo."

"Basi hatuna kinyongo?"

Ermete alimenya ganda jingine. "Uliniua, Nando."

"Aa, mzee na maneno yako." Alicheka, akamgeukia Zelinda kama mtu anayetaka ushahidi. "Unaona, mama? Halafu watu wanatuita wauaji."

Aliacha chupa ya divai mezani. Kesho yake mwuza mikate alisema hajamwona kijana yule akiwa na rangi nzuri namna ile tangu majira ya joto. Na gazeti la mkoa likaandika kwamba uzushi wa wekundu, wale wa vyama vya vibarua, umeumbuka: mtu aliyedaiwa kuuawa yuko nyumbani na familia yake, anakula vizuri. Hakukuwa na neno hata moja la uongo katika habari ile.

Baada ya hapo vijana hawakuwa tena na sababu ya kusitasita. Majira ya baridi walimchukua mtunza duka la ushirika, kisha mwalimu wa Fossalta, kisha ndugu wawili waliokuwa wakiendesha mashine ya kupura nafaka. Wake zao walikwenda kituoni mmoja mmoja, na mkuu aliwaambia wote wawe na subira, waume zao watarudi, si wamemwona Malaguti? Waliketi wakasubiri. Hakurudi hata mmoja. Wakaanza kuja kwa Zelinda. Walitaka kujua alipika nini siku ile, alisali sala ipi, mlango aliuacha wazi au aliurudishia. Aliwaeleza kila alichokumbuka, nacho kilikuwa ugali na samaki wa chumvi. Walikwenda wakapika.

Amabile, mke wa mtunza duka, alirudi mara ya pili. Hakuketi. Alikitazama kiti cha Ermete, ambacho miguu yake ilikuwa imeanza kuota ukungu wa kijani, akasema polepole, "Wako amerudi kwa ajili yao. Hakurudi kwa ajili yetu."

Zelinda alimmiminia kahawa ya shayiri. Amabile hakuinywa.

Kasisi naye hakuwa na la kufanya. Alisema hawezi kumzika mtu anayekuja kanisani kwa miguu yake, na kengele ya msiba haiwezi kugongwa kwa mtu anayeisikia. Zelinda alipoanza kuvaa nguo nyeusi, nyapara alipitisha ujumbe kwamba mwanamke mwenye mume anayejitia ujane anafanya siasa. Akazivua.

Maua ya mpichi yalipochanua alimngoja Dafne atoke, akaketi mbele ya mumewe.

"Ermete, ondoka."

Aliacha kutafuna.

"Ukiondoka utakuwa umekufa," alisema Zelinda. "Hivi ulivyo hujafa wala hujapona, na wao wanakutumia kama mwavuli. Nenda, baba. Nitakulilia vizuri, nakuahidi."

"Nimejaribu," alisema Ermete. Akamwambia kwamba kila wanapolala yeye huenda bwawani, hushuka mpaka chini, hulikumbatia lile jiwe kwa mikono miwili. Huko ni kimya na mtu angeweza kupumzika. "Kukipambazuka najikuta mlangoni. Miguu hii, Zelinda, haijui njia nyingine."

Akamwomba usiku huo, yeye akishatoka, amfungie mlango, ili waone. Alifunga kwa komeo. Asubuhi Ermete alisimama uani kwenye manyunyu, amenyooka, mikono ubavuni. Watu wakipita kwenda mashambani walimwamkia, naye aliwaitikia. Nyapara alipita juu ya farasi akamvulia kofia. Kabla ya saa sita barabara nzima ilikuwa imeona kwamba Malaguti hajambo. Zelinda akafungua mlango, akampa taulo.

Dafne aliondoka mwaka uliofuata, akavuka milima kwenda Ufaransa na mwashi mmoja aliyekuwa akitafutwa na polisi. Alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akajifuta midomo kwa kiganja, akambusu tena. Kwa mama yake alikuja kuandika mara moja moja, maneno machache, kwa sababu barua zilikuwa zikifunguliwa njiani.

Miaka ikapita kama inavyopita. Chama cha vibarua kikafutwa, kikaletwa kingine ambacho mwenyekiti wake alikuwa mwenye shamba. Ujira ukapunguzwa, ukapunguzwa tena. Meya akaacha kuchaguliwa. Akawa anateuliwa kwa barua kutoka Roma, na barua ya Codalunga ilikuja na jina la Nando Bergonzi. Alikuwa amenenepa, ameoa, na kila Krismasi alimpelekea Ermete soseji.

Kisha ikatangazwa siku ya kumpigia kura Kiongozi. Karatasi ya ndiyo ilikuwa na rangi za bendera kwa ndani, na ya hapana ilikuwa nyeupe tupu, na hata zikikunjwa mtu aliweza kuzitofautisha kutoka upande wa pili wa chumba. Jina la Ermete lilikuwemo katika daftari la wapiga kura, maana hakuna aliyewahi kukubali kuandika kifo chake. Nando alimtumia gari la umeya.

Wanawake hawakuwa na haki ya kupiga kura. Zelinda alisimama nje kwenye uwanja wa shule, na kupitia dirishani aliona kila kitu. Alimwona mumewe akichukua ile nyeupe, akaiinua ili waione, akaipeleka kwenye sanduku. Hakuna aliyemzuia. Mtu aliyekwisha uawa atatishwa na nini? Lakini karatasi ilikuwa imeroa mkononi mwake, na alipofika kwenye sanduku ilikuwa imekuwa rojo, ikamdondoka vidoleni.

"Haidhuru, mzee," alisema Nando, akimshika bega kwa upole. "Tutakuwekea kavu."

Mchana matokeo yalisomwa kutoka barazani: Codalunga yote ndiyo, hapana hakuna. Kengele zikapigwa, na kulikuwa na divai ya bure.

Walitembea kurudi nyumbani. Zelinda alimpakulia Ermete chakula. Kisha alifunga mbao za madirisha, moja baada ya nyingine, akaketi kwenye benchi, akalia. Hakuwahi kulia miaka yote ile. Angelia vipi, na mtu mwenyewe amekaa pale anaomba chumvi? Sasa alilia kwa sauti, akimtaja kwa jina na kwa sifa kama mama yake na bibi yake walivyowalilia wafu wao: Ermete aliyekuwa mrefu, Ermete aliyejua kupiga kodiani, Ermete ambaye wenye mashamba walimwamkia wao kwanza.

Ermete aliacha kula.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Wewe."

Alilifikiria hilo. Aliweka kijiko chini, akaupangusa mkono kwenye suruali, jambo ambalo halikuukausha, akaunyoosha juu ya meza mpaka ukamfikia.

"Pole, Zelinda."

Katika Codalunga nzima, alikuwa mtu wa kwanza kumwambia.

"Nishapoa," alijibu, kama adabu inavyotaka. Akaushika ule mkono kidogo. Kisha akajifuta uso, akainuka kufungua madirisha, kabla mtu barabarani hajaanza kujiuliza kwa nini nyumba ya Malaguti imefungwa mchana, na leo ni sherehe.