Upande wa Kushoto wa Benchi

Saa kumi alasiri mwanga huingia kwa ubavu. Hupita dirishani, huvuka meza, hupanda piano, na hapo humwanika mwalimu na uvivu wake wote, maana vumbi ambalo asubuhi halikuonekana sasa linaonekana. Katikati, vibonyezo vinang'aa kwa kuguswa na watoto kutwa. Kushoto kabisa, kwenye sauti nzito, vumbi limelala kama mgeni aliyekizoea kitanda. Nyimbo za watoto hazifiki huko.

Mwalimu wa piano alikuwa mtu wa kupunguza. Ndiyo kazi yake, na aliijua kama fundi cherehani anavyojua kupunguza suruali ya baba imtoshe mwana. Wimbo wa sinema huja kwake na ngoma zake, na zumari zake, na mizigo yake yote, naye huuvua kimoja kimoja: nota hii iko mbali na kidole kidogo, itoke, hii ina haraka, ingoje, mkono wa kushoto ni mzigo, ubaki nyumbani. Hufanya hivyo kwa penseli na raba, papo hapo juu ya karatasi, bila kunakili. Miaka thelathini sasa. Mtoto, husema, asibebeshwe kisichomtosha.

Na sasa alikuwepo Nukta.

Nukta alikuwa na miaka sita na kimo cha mtoto wa minne, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuwa mjukuu wa dada yake mwalimu, dada mkubwa, aliyefariki kabla mjukuu huyu hajaota hata kuzaliwa. Mwaka uliopita, siku ya onyesho la wanafunzi, Nukta alipanda jukwaani, akausahau wimbo katikati, ukumbi ukacheka. Walicheka kwa upendo, lakini mtoto wa miaka mitano hajui kupambanua vicheko. Miezi mitatu hakugusa piano.

"Mama Mdogo," mama yake Nukta alisema akiwa bado mlangoni, funguo mkononi, "mchagulie wimbo wa sinema wa onyesho la mwaka huu, rahisi kabisa, wa kucheza macho yamefumbwa. Akichekwa tena, huyu harudi."

"Hachekwi," mwalimu akasema. Ahadi ni deni, naye alijua.

Wakajaribu wimbo wa ile filamu ya twiga aliyeogopa ngazi. Nukta akasema unawasha. Wakajaribu wa filamu ya mfalme wa sabuni, nota tano tu, mkono mmoja. "Huu hata kuku anaucheza," mwalimu akasema kwa kumtia moyo. Nukta akaucheza mpaka mwisho bila kosa, akashusha mikono, akasema kwa adabu zote, "Basi apewe kuku, Bibi." Wakajaribu na wa tatu. Nukta akapiga miayo.

Kisha akashuka, akafunua kiti cha benchi. Humo ndani karatasi za miaka na miaka hulala moja juu ya nyingine. Mkono wake ukazama hadi begani, bila kupapasa, kama unafuata kitu alichokiweka mwenyewe, ukatoka na karatasi moja iliyokunjwa mara nne, njano kingoni, imeandikwa kwa penseli.

"Huu," akasema.

Mwalimu aliitambua kabla haijakunjuliwa.

Wimbo ule ulitoka kwenye filamu ya zamani, ya mwanamke mvushaji. Kila jioni, akishamaliza kuvusha watu, humwita ndugu yake aliye ng'ambo ya mto, na ndugu yake huitika. Mkono wa kulia unaita, mkono wa kushoto unaitika. Nota zake hazikuwa zikipatikana popote. Dada mtu alikwenda sinema mara tatu, akakaa safu ya mbele, akaubeba wimbo kichwani hadi nyumbani hatua kwa hatua usije ukamwagika, akauandika. Aliandika kwa kukandamiza. Shuleni alikuwa akikemewa kwa kutoboa madaftari.

Waliucheza pamoja, benchi hili hili. Mdogo kulia, anaita. Mkubwa kushoto, anaitika. Jibu la mwisho tu ndilo hawakulijua. Nakala ya filamu ilikuwa mbovu, na mara zote tatu mkanda ulikatika palepale, mvushaji ameita kwa mara ya mwisho, watu wanapiga miluzi gizani. "Ataitikiwa nini?" mdogo aliuliza. Mkubwa akajibu, "Tungoje." Ikawa ndiyo desturi yao, kuumaliza wimbo kwa kungoja.

Tangu msiba, karatasi ile ilikuwa haijakunjuliwa.

"Huo mgumu, mama," mwalimu akasema.

"Si uupunguze?" Nukta akasema, na kweli, kwani kazi yake ilikuwa nini?

Hapo mkono wa mazoea ukamtangulia mwenye mkono. Mtoto anangoja, zimebaki wiki tatu tu kabla ya onyesho, raba iko mezani. Akaitandika karatasi, akaanza juu kushuka chini, kushoto kote: huu mzigo, utoke, hii iko mbali, itoke. Alikuwa akifikiria vidole vidogo, basi. Akapuliza mabaki ya raba, mengine yakabaki karatasini, mengine yakaruka na kutua kwenye sauti nzito, juu ya vumbi. Ndipo akaona alichokifanya. Alikuwa amemfuta dada yake.

Mtoto alipoondoka, alijaribu kuukumbuka mkono ule. Akaweka vidole kwenye sauti nzito, vikakaa hapo tu, vimeduwaa. Miaka yote yeye alikuwa wa kuita. Kuitika hakukuwa zamu yake. Alilia, mtu mzima yule, kwa kwikwi. Maji yakimwagika hayazoleki, akajiambia, na methali haikumfariji hata chembe.

Mkono wa kulia unaita. Mkono wa kushoto haupo.

Kesho yake Nukta akaja, "Shikamoo Bibi," akapanda benchi. Hakukaa katikati. Alikaa ukingoni kulia, paja moja likiwa hewani. Akaita vizuri, nota sita, kisha akanyamaza. Mwalimu alikuwa amezishona zile nafasi, mwito ufuate mwito, pasibaki pengo. Mtoto alizifumua zote. Na kila kimya kilikuwa cha mapigo manane, urefu uleule wa jibu, na hapakuwa na mtu aliyemfundisha.

"Usisimame, mama."

"Sijasimama, Bibi. Namngoja."

"Unamngoja nani?"

Nukta akaitazama nafasi tupu ya benchi, akamtazama na bibi yake, kama mtu anayeulizwa jina la aliyekaa palepale. "Anachelewa tu," akasema.

Basi ikawa hivyo. Mwalimu alihesabu kwa sauti, akapiga makofi, akaahidi peremende, akatishia kunyima peremende. Nukta alikubali yote, kisha akangoja. Na siku ya tano, mwanga ulipoingia kwa ubavu, mwalimu akaona alama kwenye vumbi la kushoto. Vidole vinne, vipana, vya mtu mzima. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kitasa, nyumba haikuwa na paka. Akaweka kidole chake juu ya alama ya kwanza, alama ikakizidi. Dada yake alikuwa na vidole vipana. Akanyakua kitambaa, akafuta upesi, na hapohapo akajuta. Yeye na mkono wake wa kufuta!

Ee vumbi, unayelala juu ya kila kitu na kunyamaza, ungesema siku moja tu.

"Mama Mdogo, anaganda," mama yake Nukta alisema siku moja kabla ya onyesho. "Hata nyumbani, anapiga juu ya meza, anaganda, anaangalia pembeni. Watamcheka. Mpe ule wa kuku."

"Nimempa. Amekataa kwa niaba ya kuku."

Hawakucheka, wote wawili.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na madirisha ya juu, na saa kumi zamu ya Nukta ilifika. Akapanda na gauni la njano, akaiweka karatasi mbele yake, akakaa ukingoni kulia. "Mbona mtoto kajibana?" mtu akanong'ona. Nukta akaita. Kimya, mapigo manane. Kikohozi. Akaita tena. Kimya. Nyuma kabisa kicheko kikaanza, kile kile cha upendo, na mwalimu akayaona mabega ya mtoto yakipanda kuelekea masikioni.

Akajikuta ameinuka. Hakuwa na nota hata moja kichwani. Alichokuwa nacho ni ahadi tu. Akapanda jukwaani, akakaa kushoto, na nafasi aliyoachiwa ikamtosha sawasawa.

Ndipo mwanga wa dirisha la juu ulipoilalia karatasi kwa ubavu. Raba huondoa weusi wa penseli, haiondoi mkono ulioikandamiza. Kila nota ya dada mtu ilikuwa imechimba kamfereji, na katika kila kamfereji vumbi la raba lilikuwa limekaa, la kijivu, likisubiri mtu wa kulisoma. Kushoto kote, juu hadi chini, jibu baada ya jibu. Alikuwepo mzima mzima.

Nukta akaita. Mwalimu akaitika.

Nukta akaita. Mwalimu akaitika, machozi yakimdondoka kidevuni bila kuombwa. Hakujua kwamba kuitika ni kutamu hivi. Dada, uliniitikia miaka yote hiyo, hukunieleza. Kicheko cha nyuma kilikufa bila mtu kukiua, na mabega ya mtoto yakashuka.

Mkono wa kulia unaita, mkono wa kushoto unaitika, mpaka wakafika chini kabisa, pale karatasi ilipokuwa laini, haina kamfereji, kwa sababu mkanda ulikatika. Mwalimu akaondoa mikono, akaiweka magotini. Nukta akaita kwa mara ya mwisho, naye akaiweka yake juu ya gauni la njano. Ukumbi mzima ukangoja, na hakuna aliyepiga mluzi.

Nota tatu zikalia kwenye sauti nzito. Taratibu, moja, nyingine, na nyingine chini yake zaidi. Mwalimu aliitazama mikono yake. Ilikuwa magotini, yote miwili. Kisha benchi likatoa mlio mdogo, ule wa mtu anayeinuka.

Makofi yalipoanza, Nukta alimvuta mkono. "Si nilikwambia, Bibi? Anachelewa tu."

Nje, mama yake Nukta alimkumbatia mwalimu kwa nguvu. "Mama Mdogo, zile tatu za mwisho! Sijawahi kukusikia ukicheza hivyo." Mwalimu akaitazama mikono yake.

"Asante, mwanangu," akasema.

Kesho yake saa kumi mwanga uliingia kwa ubavu. Ulipita dirishani, ukavuka meza, ukapanda piano. Mwalimu alikuwa amesimama na kitambaa mkononi. Kushoto kabisa, kwenye vumbi, palikuwa na alama tatu za vidole vipana, moja, nyingine, na nyingine chini yake zaidi.

Akakirudisha kitambaa mezani. Akakaa kwenye benchi, ukingoni kulia, paja moja likiwa hewani. Akaita, nota sita, kisha akangoja.