Seli za Minneapolis Zilizokataa Kufa

Delphine Arceneaux alikuwa na mwaka wa tatu tu tangu apewe maabara yake mwenyewe, pale chuoni St. Louis. Alikuwa amechapisha kwamba dawa yake inaua seli za saratani ya kongosho, na mwezi wa nne kamati ya chuo ingekaa kuamua kama abaki kazini au afungashe. Ndipo ikaja barua ya Profesa Haugland wa Minneapolis, mzee ambaye katika saratani hiyo akisema, wengine hunyamaza. Nimerudia jaribio lako mara tatu, aliandika, na seli zinaoga ndani ya dawa yako na kunenepa. Ifute makala mwenyewe kabla sijaandika mimi.

Mwingine angejibu kwa hasira. Delphine aliomba nafasi tu kwenye meza ya kule, afanye kazi bega kwa bega na mtu wao.

Haugland akampa Rosalba, fundi aliyemfanyia kazi miaka ishirini na miwili.

"Karibu, mwanangu," Rosalba alisema. "Mzee anadai una mkono wa uchawi."

"Ningekuwa nao, mama, ningeanza na theluji yenu hii."

Wakafanya, kila mmoja na sahani zake za kuoteshea seli. Seli zilezile, unga uleule wa dawa, kabati moja la joto. Siku ya tano seli za Delphine zilikuwa zimekufa fofofo. Za Rosalba zimejaa sahani nzima.

"Umeona?" Haugland alisema. "Dawa inayomtii mtu mmoja si dawa, Daktari. Hiyo ni bahati yako."

Delphine akamwomba Rosalba aanze upya, afanye kama yuko peke yake, naye akaketi kwenye kigoda, mikono kaikalia. Rosalba akaosha seli, akazihesabu, akazigawa. Kisha akafungua friza, akatoa kichupa kidogo, akakipasha moto kiganjani.

"Hiyo nini, mama?"

"Si ndiyo dawa yako!"

"Kutoka kwenye barafu?"

"Niliyeyusha nusu ya unga mwezi wa kumi, nikaugawa vichupa mia, nikagandisha. Ulitaka kila asubuhi nipime unga kama muuza bizari? Maabara gani inafanya hivyo?"

"Yangu," Delphine alisema taratibu.

Kwake unga ulipimwa asubuhi ileile, na dawa iliyobaki mchana ilimwagwa. Watu wake walilijua jambo hilo mno, hata hakuna aliyekumbuka kuliandika.

"Karatasi yako inasema yeyusha dawa," Rosalba alisema. "Haisemi lini."

"Haisemi. Kosa langu, mama." Uso ulimwaka, lakini moyo ulikuwa umeanza kudunda kwa namna nyingine.

Safari hii Delphine hakugusa kitu. Alikaa nje ya mlango. Rosalba aliandaa sahani za dawa ya asubuhi na sahani za dawa ya friza, akafunika majina yote kwa utepe. Siku ya tano Haugland akaketi kwenye hadubini mwenyewe, maabara nzima imemzunguka.

"Hii hai. Hai. Hii..." Akatazama tena. "Hii ni makaburi tu."

Utepe ukabanduliwa. Kila sahani iliyokufa ilikuwa ya dawa mpya. Kila moja. Iliyolala kwenye friza ilikuwa imepoteza nguvu.

"Nani kazishika hizi?" mzee aliuliza.

"Mimi, mzee wangu. Utaniita na mimi mchawi?"

Chumba kikaangua kicheko. Haugland alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Daktari Arceneaux, kamati yako inakaa lini?"

"Jumanne ijayo."

"Basi nipisheni kwenye kompyuta."

Akaanza kuiandikia kamati kwamba amerudia jaribio katika maabara yake, kwa mikono ya mtu wake, na dawa inaua. "Mtu wako ana jina," Rosalba alimkumbusha juu ya bega, na jina likaandikwa.

Delphine alitoka koridoni akawapigia watu wake simu.

"Wekeni kila kitu chini," aliwaambia. "Inaua! Hata huku Minneapolis inaua!"

Kelele za shangwe zilizotoka kwenye simu zilimfikia Haugland kule ndani. Akainua kichwa, akatabasamu, akaendelea kuandika kwa haraka zaidi.