Kwa Nereida Mtu Hamaliziwi Sentensi

Kwa miaka kumi na mitano, kila Jumapili baada ya misa, Yareli alipewa simu azungumze na bibi yake aliyekuwa Oaxaca, kule Meksiko, na kila Jumapili alisema maneno yale yale: "Ndiyo, bibi. Sawa, bibi. Asante, bibi." Kisha simu ikarudi haraka kwa mama yake. Kihispania alikielewa chote, mpaka umbea na matusi ya shangazi zake, na kwenye sherehe ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Kujibu ndiko kulikomshinda. Akiwa na miaka minane alijaribu kusimulia kisa mezani, shangazi Chela akamwiga mbele ya watu hadi wajomba wakashika mbavu, na tangu siku hiyo akaufunga mdomo. Watu wazima nao wana mambo!

Sasa bibi mwenyewe, Eufrosina, alikuwa amekuja Santa María, ng'ambo ya mpaka, alikozaliwa na kukulia Yareli, kwa wiki tatu, mara yake ya kwanza na pengine ya mwisho, maana magoti yake yalishaanza kugoma. Jumatatu anaondoka. Siku zote hizo mama yake Yareli ndiye aliyekuwa mkalimani kati ya watu wawili wa damu moja. Na Yareli alikuwa na jambo moja tu la kumwambia bibi kwa mdomo wake mwenyewe: kwamba ule ukimya wa kwenye simu haukuwa dharau. Alilifanyia mazoezi bafuni, garini, hata kwenye kliniki ya meno alikofanya kazi. Mbele ya bibi lilikwama.

Jumamosi ile mama aliitwa kazini, kule wanakofungasha stroberi. Yareli akabaki na bibi, na saa tisa alasiri ikamkuta amesimama mlangoni na funguo mkononi, hajui aende au asiende.

"Kila Jumamosi unakwenda wapi umependeza hivyo?" bibi akauliza. "Kuna mwanamume?"

Yareli akacheka, akatikisa kichwa.

"Basi twende wote. Kama hakuna mwanamume, sitaharibu kitu."

Walikwenda kwa Nereida, msusi mwenye sauti ya mnadani, ambaye gereji yake haijawahi kuona gari. Humo kila Jumamosi walikusanyika watu wanane au tisa, wote wamezaliwa huku na wazazi Wameksiko, wote na Kihispania cha kusikia tu. Zamani walijiandikisha darasa la jioni, wakachanganywa na watu wanaojifunza kuagiza bia wakienda likizo. Walirudi na aibu maradufu. Ndipo Nereida akaanzisha lake, lenye maharage, tortilla za moto na sheria moja. Mtu akikwama, anasubiriwa, hata iwe dakika ngapi. Atakayemmalizia mwenzake sentensi ataosha vyombo vyote. Kwa sababu watu hawa, jamani, walikuwa wamemaliziwa sentensi maisha yao yote.

Wilfrido, fundi wa malori, pande la mtu, alianza. "Jana baba yangu... baba yangu alinipa..." Akakwama. Uso ukamwiva.

"Koti!" bibi akadakia.

Wote wakageuka kumtazama.

"Bibi yangu," Nereida akasema, "karibu sana, tumefurahi kukuona. Sinki ile pale."

Yareli alitamani ardhi ipasuke immeze. Mwanamke wa miaka sabini na tisa, tena mgeni! Lakini Nereida alishamweleza bibi ile sheria, na bibi alishakunja mikono ya sweta.

"Ni haki yenu," akasema. "Ila niambieni, si ni koti?"

"Hapana, bibi," Wilfrido akajibu. "Alinipa... mbwa."

Walicheka wote mpaka bibi akaegemea sinki.

Kisha ikawa zamu ya Yareli. Akasimama, ingawa hakuna aliyesimama siku nyingine.

"Bibi. Kwenye simu. Mimi siku zote..."

Likakwama palepale. Bibi alifungua mdomo, akauziba upesi kwa kiganja chenye povu la sabuni. Akasubiri. Macho yalimtoka kwa jinsi alivyojizuia.

"Siku zote nilikuwa na maneno," Yareli akasema. "Mengi. Niliogopa yatatoka mabaya. Sikukudharau. Nakupenda, bibi. Sana, sana."

Bibi akafunga bomba. "Na mimi nikadhani unanionea aibu. Bibi wa kijijini, ananuka moshi."

"Nilijionea aibu mimi. Mdomo wangu huu."

"Njoo hapa, mjinga wangu wee." Akamkumbatia na maji yake yote, blauzi ikalowa mgongoni.

Wangeweza kuishia hapo, na Nereida alishaanza kupangusa macho na kuulizia nani anataka kahawa. Lakini bibi hakurudi kwenye vyombo. Alivuta kiti, akaketi katikati yao.

"Na mimi nina zamu?"

"Unayo, bibi."

"Mama yangu hakujua Kihispania," akasema. "Alisema Kimixteko tu, lugha ya kwetu. Shuleni mwalimu alituchapa tukikisema, basi nikakiacha. Mama ananiita kwa lugha yake, namjibu kwa Kihispania. Mimi namwelewa kila neno, yeye hanielewi hata moja. Mpaka amekufa." Akajipangusa povu mkononi. "Alikuwa akiniita jioni, niingie ndani. Nataka kumjibu. Nimesahau inavyosemwa."

Akafumba macho. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Hakuna mtu gerejini aliyejua Kimixteko, kwa hiyo hata aliyetaka kumsaidia hakuwa na la kumsaidia. Wilfrido aliweka sahani chini polepole isilie. Yareli akaushika mkono wa bibi. Gari likapita nje, likaenda zake, na bado walikuwa wanasubiri.

Hatimaye yakatoka maneno mawili matatu, ya chini, kwa sauti ya kitoto. Bibi akayarudia kwa nguvu, uso ameuelekeza mlangoni.

"Umesema nini, bibi?" Yareli akauliza kwa Kihispania, bila hata kufikiria.

"Nimemwambia, nakuja, mama."