Uzi wa Wino na Viatu vya Tingatinga

Muhula mzima, dunia ya mwanafunzi aliyeitwa Mfereji ilikuwa bomba la kioo lililolazwa juu ya meza ya maabara. Ndani yake yalipita maji, na katikati ya maji ulipita uzi wa wino mwekundu. Koki ikifunguliwa kidogo, uzi ulinyooka kama wanafunzi mbele ya mkuu wa shule. Ikifunguliwa sana, ulivurugika kama wanafunzi haohao mkuu akishageuka. Lakini Mfereji alipenda pale katikati, mpakani, ambapo maji hayajaamua kama yatakuwa na adabu. Hapo hata mlango ukibamizwa, yalipandwa na wazimu.

Jaji wa mashindano ya sayansi alikuwa anakuja kutazama. Uzi ukinyooka mpakani kwa dakika nzima, Mfereji angeiwakilisha shule mjini na kuliona geti kwa upande wa nje. Ukikatika, angerudi kufyeka nyasi.

Tatizo lilikuwa na miguu. Mwalimu wa nidhamu, aliyeitwa Tingatinga kwa siri na kwa heshima zote, alivaa viatu vya soli nzito. Akikanyaga tu mwanzo wa korido, uzi ulitibuka. Darasa la jirani liliupokea ugunduzi huo kwa shukrani. Kila uzi ulipotibuka, Mfereji alikohoa, karata zikaingia kwenye madawati, na Tingatinga akafungua mlango na kukuta vijana wanasoma kwa uchungu. Fizikia haikuwahi kupendwa namna ile.

Siku ya jaji, Mfereji alifungua koki hadi mpakani. Uzi ukanyooka, kisha ukakatika. Akajaribu tena, ukakatika tena. Huko nje Tingatinga alikuwa akizunguka koridoni kulinda utulivu. Jaji akauliza ni nini kinachoyasumbua maji. Mwalimu wa fizikia akatazama dari.

Mfereji akaenda mlangoni.

"Samahani, Mwalimu. Maji yanakusikia."

"Yananisikia nikisema nini?"

"Ukitembea tu, Mwalimu. Tangu kule mwanzo wa korido."

Tingatinga alivua viatu taratibu, kama askari anayesalimisha silaha. Soksi moja ilikuwa imekiruhusu kidole gumba kitoke kupunga hewa. Akaingia kwa kunyata, akasimama mezani. Uzi ukanyooka dakika nzima bila hata kutikisika, na jaji akampa Mfereji mkono.

Wageni walipotoka, Tingatinga aliinama juu ya kioo. Akapiga kisigino sakafuni mara moja. Uzi ukatibuka. Akalitazama darasa la jirani kupitia dirisha, kisha akamgeukia Mfereji.

"Na kile kikohozi chako, mwanangu, kimepona?"

Mfereji alikwenda mjini, akaliona geti kwa nje, na akaliona ni zuri kweli. Aliporudi alikuta darasa zima la jirani uwanjani, limeinama, linafyeka nyasi. Siku hizo Tingatinga alitembea kwa soksi, na hakuna maji wala binadamu aliyemsikia akija.

Wenzake hawakumgombeza. Walimsogezea nafasi na kumkabidhi fyekeo.

"Karibu, mwanasayansi," wakamwambia.